Akiki ya Mistari Katika Vilima vya Uha: Namna ya Kuitafuta, Kuitambua na Kuikata

Ukikuta jiwe la mviringo shambani Kasulu au Kibondo, ganda lake limejaa vishimo vidogo na limeshika udongo mwekundu, usilipige nyundo. Hilo ndilo la kwanza, na karibu kila kitu kingine katika mwongozo huu kinalifuata. Jiwe la namna hiyo huenda lina akiki ndani, na thamani ya akiki ya mistari imo katika mistari yenyewe: jinsi ilivyokaribiana, jinsi inavyozunguka bila kukatika, jinsi rangi moja inavyoipisha nyingine. Nyundo hupasua popote inapotaka. Huacha nyufa nyembamba zinazoingia hadi katikati, hata pale ambapo jicho halizioni, na jiwe lililotosha kutoa vidani kadhaa linabaki kokoto la kufukia shimo la barabarani.

Mawe mengi mazuri yamepotea hivyo kwa sababu aliyeyaokota alitaka tu kujua kilichomo. Kukisia kilichomo kunawezekana bila kuvunja, ila kwanza uelewe jiwe hili liliumbikaje. Ndiyo maana ninaanza na mwamba kabla ya sururu, ingawa msomaji mwenye haraka angependa nianze na bei.

Mwamba unaoizaa

Vilima vya Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, vina miamba ya kale ambayo wanajiolojia wameiweka katika kundi moja na kulipa jina la Bukoba, kwa kuwa inaanzia huko Kagera na kushuka hadi Kigoma. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, miamba ya kundi hilohilo huitwa Malagarasi. Ni matabaka juu ya matabaka: mawe ya mchanga, mawe ya udongo, chokaa ya dolomiti ya Ilagala, na karibu na juu kabisa, lava. Lava hiyo imepewa jina la Gagwe, na juu yake yamelala mawe mekundu ya Manyovu. Vipimo vya umri vilivyochapishwa mwaka 2001 viliipa lava ya Gagwe miaka milioni 795 hivi. Wakati huo nchi kavu haikuwa na mti wala mnyama, na Ziwa Tanganyika lilikuja mamia ya mamilioni ya miaka baadaye.

Lava hii, ambayo ni basalti, ndiyo unayoitafuta. Basalti inapotoka ardhini huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ndani yake kuna mvuke wa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hizo hutafuta pa kutokea, kama uji mzito unavyotoa viputo ukichemka. Uso wa lava ukiganda mapema, viputo hunaswa humohumo. Vingine ni vya milimita chache, vingine hufikia upana wa kiganja. Vile vilivyonaswa wakati lava bado inatiririka vilivutwa vikawa virefu, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Umbo hilo ndilo utakaloliokota, maana akiki ni kiputo kilichojaa.

Kujaa kwake kulikuja baadaye. Mashapo mengine yaliifunika lava, na maji ya ardhini yenye uvuguvugu yakapenya katika nyufa zake. Basalti ina kioo na madini yanayooza upesi, nayo yakioza huachilia silika ndani ya maji. Maji yanapoingia kwenye tundu, mara nyingi kitu cha kwanza kuyatoka ni utando mwembamba wa kijani wa madini ya kloriti, unaoshika ukutani. Ndiyo rangi ya kijani utakayoiona kwenye ganda la jiwe lako. Kisha silika huanza kuganda kwa nyuzi za fuwele ndogo mno, zikianzia ukutani na zote zikielekea katikati. Nyuzi hizo ni kwatzi, ila ni ndogo kiasi kwamba hata lenzi ya mkononi haizionyeshi. Jiwe linaloumbwa na nyuzi hizo huitwa kalisedoni, na kalisedoni yenye mistari ndiyo akiki.

Mistari yenyewe inatokana na nini? Wataalamu bado wanabishana, na ni vizuri ujue hivyo ili usibabaishwe na anayejifanya ana jibu moja. Maelezo ya zamani yanasema kila mstari ni maji mapya yaliyoingia tunduni. Yanaingia akilini, mpaka ukate mawe mawili yaliyotoka katika mwamba uleule, sentimita kumi tu kati yao, ukute moja lina mistari mingi na jirani yake lina michache yenye mpangilio mwingine kabisa. Kama maji yaleyale yaliyapitia yote mawili, mbona hayafanani? Mwaka 1915 mkemia Mjerumani, Raphael Liesegang, aliandika kitabu kizima kuhusu akiki. Alikuwa amekwisha kuonyesha katika maabara kwamba kemikali zikisambaa ndani ya jeli hujipanga zenyewe kwa duara, bila mtu kuzipanga. Watafiti wa baadaye wameipeleka hoja hiyo mbele: fuwele zinapokua husukuma uchafu mbele yake, uchafu ukizidi ukuaji hubadilika, kisha mzunguko huanza upya. Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sababu unaeleza tofauti za majirani. Kuhusu joto, wengi wanakubaliana kwamba kazi hii haikuhitaji moto mkali. Makadirio mengi hayapiti nyuzi 200, na mengine ni chini kabisa ya 100.

Rangi nyekundu, ya kahawia na ya njano ni oksidi za chuma zilizonaswa kati ya nyuzi. Mistari myeupe kwa kawaida haina rangi yoyote ya ziada. Nyuzi zake zimepangika kwa namna inayotawanya mwanga. 

Utakapokata jiwe lako la kwanza, tafuta pia mistari iliyonyooka kabisa upande mmoja, wakati ile mingine inafuata ukuta wa tundu. Iliyonyooka iliumbwa na silika iliyozama na kutuama chini, kwa hiyo ilikuwa mlalo siku ilipotuama. Ukiiona ndani ya jiwe lililo bado mwambani, unaweza kusema mwamba umeinamishwa kiasi gani tangu hapo. Ni kipande cha sentimita tano kinachopima mwinamo wa mlima mzima, na kila ninapokiona hunisimamisha.

Katikati ya jiwe, pale silika ilipopungua majini na kuganda polepole, hukaa kwatzi ya fuwele kubwa zinazoonekana, nyeupe au zisizo na rangi, mara chache za zambarau. Wakati mwingine tundu halikujaa, na fuwele zimesimama ndani zikielekea uwazi. Kuna jambo moja zaidi linalohusu umri. Akiki changa huwa na moganiti, madini ya silika ndugu wa kwatzi, yaliyopewa jina la Mogán katika visiwa vya Kanari. Kadiri miaka inavyopita moganiti hugeuka kuwa kwatzi, na akiki zilizopita miaka milioni 400 hubakiwa na kidogo sana. Za Uha zimo katika kundi hilo la kale.

Wapi, na lini

Basalti huoza, akiki haiozi. Sentensi hiyo fupi ndiyo ramani yako. Mwamba uliobeba viputo umegeuka udongo mwekundu unaootesha maharage na mihogo, na mawe yaliyokuwa ndani yake yamebaki juu ya ardhi, au yameteremshwa na mvua hadi kwenye vijito vinavyoingia Ruchugi na Malagarasi. Hivyo mahali pa kuanzia si shimo refu. Anzia kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua, kingo za barabara mpya na changarawe za vijito vilivyokauka. Anzia pia kwenye malundo ya mawe ambayo wakulima huyatupa pembeni mwa mashamba. Malundo hayo ni hazina kwa sababu mwenye shamba amekuchagulia bila kujua: kila jiwe lililomvunjia jembe liko pale.

Omba ruhusa kwanza, na uombe kwa utaratibu. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, kisha uende kwa mwenye shamba. Ukifika asubuhi ukaanza na salamu ya Kiha, “Mwakeye”, kabla ya kutaja mawe, mazungumzo yatakuwa mengine.

Msimu mzuri ni kuanzia mvua zinapokatika, Mei, hadi Septemba. Maji ya masika yameosha ardhi upya, vijito vimepungua, na nyasi zinaendelea kukauka. Nenda alfajiri au jioni, jua likiwa chini, na utembee ukilielekea. Akiki hupitisha mwanga, kwa hiyo kokoto lililovunjika upande mmoja litawaka rangi ya chungwa katikati ya mawe meusi. Ukitembea jua likiwa mgongoni, utalipita jiwe hilohilo mara kumi. Katika kijito beba kopo la maji na umwagie mawe unayoyashuku, kwa maana jiwe kavu huficha mistari na jiwe bichi huionyesha.

Ukipata moja kijitoni, usichimbe papo hapo. Panda na kijito. Kadiri unavyokaribia chanzo, mawe huwa na ganda zaidi na kona zake hazijalainika. Yakikatika ghafla, rudi nyuma hatua chache na utazame kilima cha pembeni, maana hapo ndipo yanapoingilia. Ukikuta mwamba wenyewe, utakuwa wa kijivu-kijani au wa zambarau iliyokolea, umejaa madoa meupe na ya kijani ya milimita chache. Madoa hayo ni viputo vidogo vilivyojaa. Palipo na vidogo vingi, vikubwa haviko mbali.

Si kila kilima kina lava, na hasa upande wa Kibondo utakutana na mawe ya mchanga kwa kilomita nyingi bila dalili yoyote. Usipoteze viatu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, makao yake Dodoma, ina ramani za jiolojia za maeneo haya. Ramani moja iliyosomwa vizuri itakuokolea kiangazi kizima cha kuzunguka.

Kuitambua bila kuivunja

Lishike jiwe zima mkononi na uliangalie ganda kwa karibu. Ganda la akiki iliyotoka katika lava lina vishimo na vijinundu vilivyojaa uso wote, kwa kuwa ni nakala ya ukuta wa tundu. Ndani ya vishimo utaona masalia ya kijani au kutu. Jiwe la mtoni lisilo akiki huwa laini pande zote kwa namna moja, bila vishimo vya aina hiyo. Tafuta mahali ganda lilipobanduka, hata kama ni padogo mno. Palowanishe, kisha uwashe tochi ya simu ukiibana kwenye jiwe. Mwanga ukiingia na kusambaa ndani kwa rangi ya asali, nyekundu au ya kijivu, una kalisedoni. Ukiona mistari inazunguka kandokando ya sehemu iliyobanduka, una akiki.

Kisha ugumu. Katika kipimo ambacho Friedrich Mohs alikipanga mwaka 1812, akiki ni 6.5 hadi 7. Kisu cha kawaida ni karibu 5.5 na kioo cha dirisha ni kama hicho. Basi kisu hakiwezi kuikwaruza akiki. Kitaacha tu alama ya kijivu ya chuma inayofutika kwa kidole. Akiki nayo itakwaruza kioo bila taabu. Jaribio hili linaondoa mshindani mkubwa wa huku, yaani kalsiti yenye mistari, ambayo nayo hujaza viputo na mianya ya chokaa na inaweza kupendeza sana. Kalsiti ni 3 tu. Ikune kidogo, weka tone la siki au maji ya ndimu juu ya unga wake, na utaona mapovu. Akiki haitoi povu hata moja.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, pima uzito wa jiwe hewani, kisha ulifunge uzi na ulipime likiwa limezama majini bila kugusa ndoo. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Jiwe la gramu 520 likipungua hadi 320 majini, tofauti ni 200, na jibu ni 2.6. Akiki huangukia kati ya 2.58 na 2.64. Lenye fuwele nyingi katikati litakaribia 2.65, na lenye uwazi ndani litashuka chini ya 2.5, jambo ambalo lenyewe ni habari njema kwa anayetafuta fuwele. Chupa iliyovunjika na kusuguliwa na mto hukaribia 2.5, lakini kioo hung'aa kwa ukali pale kilipovunjika na mara nyingi kina viputo vya hewa. Mvunjiko wa akiki ni wa kujipinda na mng'ao wake ni wa nta.

Jaspi pia hupatikana, nyekundu na yenye kuvutia, wakati mwingine yenye mistari. Ni silika vilevile na hukatwa kwa njia ileile, ila haipitishi mwanga hata kwenye ukingo mwembamba. Iweke katika fungu lake.

Sheria kabla ya gunia

Kokoto moja la kumbukumbu halina ubishi. Mara unapoanza kujaza magunia, au kuchimba, umeingia katika Sheria ya Madini, Sura ya 123. Madini yote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, hata yakiwa katika shamba ulilorithi kwa babu. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Kuwa na leseni hakukupi haki ya kuingia shamba la mtu bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Ada na viwango vya mrabaha hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya madini ya mkoa, usimuulize dalali.

Mambo mawili ya mazingira hayana mjadala. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto au chanzo cha maji, kwa hiyo okota changarawe juu juu, usichimbe kingo. Na maeneo ya hifadhi, iwe misitu ya hifadhi au pori la Moyowosi, yana vibali vyake na askari wake. Shimo ulilochimba kwenye kilima cha kijiji ulifukie kabla ya mvua. Ng'ombe hawasomi leseni, na mtoto anayechunga hana taa.

Kukata

Hapa ndipo penye pesa, na hapa ndipo penye hatari. Nitaanza na hatari. Vumbi la akiki ni silika. Likiingia mapafuni halitoki, hujenga makovu yanayoziba pumzi, ugonjwa wake hauna tiba, na hukifungulia njia kifua kikuu. Mji wa Khambhat huko Gujarat, India, umekata akiki kwa karne nyingi. Shanga nyekundu za kutoka pande hizo zimefukuliwa katika magofu ya pwani yetu, Kilwa ikiwamo. Mafundi wa Khambhat wanajulikana duniani kwa mikono yao na pia kwa wingi wa wagonjwa wa mapafu, wakiwamo watu wa nyumbani kwao waliokaa tu karibu na mashine. Basi usikate wala usisugue akiki ikiwa kavu. Maji yatiririke juu ya disiki muda wote, uchafu wa matope ukusanywe ungali mbichi, na kazi ifanyike mbali na jikoni na watoto. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Atakayekuambia yeye amekata kavu miaka mingi na hana tatizo, mtakie afya njema na uendelee na maji yako.

Mashine ya kuanzia si lazima iwe ya sonara. Mashine ya mezani ya kukatia vigae, yenye disiki ya almasi na beseni la maji, inatosha kwa mawe ya hadi sentimita kumi. Grenda ya mkononi siishauri, kwa kuwa umeme wake na maji ni maadui. Hata ile ya mezani iunganishwe kwenye umeme wenye kikata-umeme kinachofanya kazi. Jiwe usilishike kwa vidole. Lifunge kwenye ubao au lishindilie kwenye plasta, uache lisukumwe polepole. Disiki ndiyo ikate, wewe usilazimishe.

Swali kubwa ni kukata wapi, na jibu limo katika kile kiputo. Mistari inafuata ukuta wa tundu, kwa hiyo umbo la nje linakuambia umbo la mistari. Jiwe refu ukilikata kwa urefu, kupitia katikati, utapata mizunguko mirefu iliyojaa uso wote. Ukilikata kwa upana utapata duara kamili, dogo lakini lililokamilika. Ukikata pembeni, karibu na ganda, mistari itaonekana mipana na yenye ukungu kwa sababu umeipita kwa mshazari. Wanaoanza huliogopa jiwe na kumega pembeni “kuchungulia”. Matokeo yake ni kipande kibaya mkononi na jiwe zima lililopungua. Angalia kwanza kama ganda lina ufa mrefu au kidomo ambapo mistari hubanwa na kuelekea nje. Kidomo hicho, ambacho wengine husema ndiko maji yalikoingilia na wengine ndiko silika ilikotokea, ni mchoro mzuri sana ukikatwa katikati yake. Ikiwa jiwe lina mistari ile iliyonyooka, kata kwa pembe mraba nayo ili picha ioneshe sakafu na ukuta pamoja. Kwa jiwe ambalo halitoi dalili yoyote, mkato mmoja wa urefu, katikati kabisa, ndio mwaminifu zaidi.

Kusugua hakuna njia ya mkato. Akiki haina mpasuko wa asili na haina upande laini. Inapendeza kwa sababu inakubali mng'ao wa kioo, na inakubali kwa sababu ni ngumu. Tumia msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari, maana chembe zake ni silikoni kabaidi na zinaimudu. Anza na nambari 80 au 120 kuondoa alama za disiki, kisha 220, 400, 600, 1200. Osha jiwe na mikono kati ya nambari moja na nyingine, kwa sababu chembe moja ya 80 iliyobaki itakuchorea mstari utakaouona mwishoni. Kausha jiwe kabla ya kusonga mbele. Likiwa bichi linadanganya na kuonekana tayari. Ukiona mkwaruzo, rudi nambari ya nyuma, usijaribu kuufuta kwa nambari ya mbele. Mng'ao wa mwisho hutolewa na oksidi ya seriamu au ya aluminiamu iliyochanganywa na maji juu ya ngozi au kitambaa kizito cha sufu.

Baadhi ya akiki za kahawia hugeuka nyekundu nzuri zikichomwa, kwa kuwa kutu iliyomo hupoteza maji yake. Ndiyo siri ya zamani ya Khambhat. Anika vipande vilivyokatwa juani siku kadhaa hadi vikauke ndani, vizike katika mchanga mkavu ndani ya bati, pandisha joto pole pole hadi nyuzi 250 au 300, kisha viache vipoe humohumo usiku kucha. Ukiharakisha, maji yaliyobaki ndani yatavipasua. Jaribu na vipande usivyovipenda kwanza.

Rangi ya kupaka ni jambo jingine. Kalisedoni ina vitundu vidogo mno vinavyokunywa maji, mistari mingine ikinywa na mingine ikikataa, na ndiyo maana akiki ya rangi ya waridi kali, bluu au zambarau unayoiona kwenye maduka ya watalii karibu daima imepakwa. Si haramu kupaka. Ni dhuluma kupaka bila kusema. Ushauri wangu kwa akiki ya Uha ni kuiacha ilivyo: nyekundu, kijivu na nyeupe yake inajitosheleza.

Kuuza

Tuseme ukweli: akiki si tanzanaiti. Brazil, Uruguay, India, Madagaska na Botswana huitoa kwa wingi, na jiwe ghafi huuzwa kwa kilo, kwa bei ambayo haitalipa nauli ya kutoka Kibondo ikiwa umebeba gunia la mawe mchanganyiko. Kinacholipa ni kuchagua na kukata. Mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, ulianza na akiki ya vilima vyake. Katika karne ya 19 jiwe la kwao lilipopungua, wenyeji waliohamia Brazil wakaanza kupeleka nyumbani mawe ya Rio Grande do Sul. Akiki ya Ujerumani iliisha, lakini mji bado unaishi kwa vito, kwa kuwa ujuzi ulibaki mikononi. Sisi jiwe tunalo, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kinafundisha kukata vito. Kijana mmoja wa Kasulu aliyesoma huko atawafaa majirani zake kuliko magunia mia yanayopakiwa kwenye lori.

Tangu mwaka 2019 nchi ina masoko ya madini, na biashara halali ipitie huko. Jiandae kwa dalali atakayekufuata kabla hujafika mlangoni: “Mama, haya ni mawe ya kawaida, nitakusaidia tu kuyabeba.” Jibu la heshima lipo: “Sawa mwanangu, tuyapime sokoni kwanza.” Beba nusu iliyosuguliwa pamoja na nusu yake yenye ganda. Mnunuzi anayejua kazi atataka kuona zote mbili, na asiyejua atashindwa kukuambia ni kokoto. Jiwe lililokatwa katikati usiuze nusu moja peke yake bila sababu, kwa maana jozi inayofanana huzidi bei ya nusu mbili zilizotengana, hasa kwa watengeneza hereni.

Wakusanyaji wa mawe, ambao ndio hulipa vizuri zaidi kwa akiki ya asili, hununua mahali pamoja na jiwe. Akiki isiyojulikana ilikotoka kwao ni jiwe zuri tu. Ile yenye kijiji, kilima na tarehe, iliyotoka katika lava ya miaka karibu milioni 800, ni kitu wasichokuwa nacho. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka daftari: nambari ya jiwe, kijiji, kama ulilitoa mwambani, udongoni au kijitoni, na uzito wake kabla ya kukatwa. Piga picha lilipolala kabla hujalinyanyua. Nambari iandike kwenye ganda kwa wino usiofutika, mwisho wa jiwe ambao disiki haitaufikia.